Programu Iliyompa Pulo Sitini na Saba

Mume wangu Pulo hajui kuimba, na hapa Tagbilaran, Ufilipino, hilo si siri kwa mtu yeyote isipokuwa yeye. Yeye huamini tatizo ni programu. Kila programu ya kuimbia anayoiweka kwenye kompyuta yetu ya sebuleni hutoa alama wimbo ukiisha, na kila inayompa chini ya themanini anaifuta siku hiyohiyo na kuweka nyingine. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Basi kompyuta ikawa nyumba ya wageni, huyu anaingia, yule anatoka. Zamani ukiiwasha ilikuwa tayari kabla hujavuta kiti. Siku hizi nawasha, naenda kuosha mchele, naubandika jikoni, nikirudi bado inajikunakuna. Nilisema mpaka nikachoka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nilichokuwa sijui ni kwamba katika kufutafuta kwake, safari hii alikuwa amemfuta na mama yake.

Mama mkwe wangu, Basilisa, alifariki mwaka jana, na Jumapili ile tulikuwa tunaondoa msiba: misa asubuhi, kisha chakula cha pamoja, nguo nyeusi zivuliwe. Na kwetu watu wakishakula lazima waimbe. Wifi yangu Erlinda, dada mkubwa wa Pulo, alikuwa Hong Kong akilea watoto wa wenyewe mama yake alipofariki, na bosi wake hakumpa ruhusa ya kuja kuzika. Tangu siku hiyo havai ila nyeusi. Alipopiga simu kusema amepata likizo, alituomba kitu kimoja tu.

"Nenita, ule wimbo Mama alioimba siku yake ya kuzaliwa ya mwisho, si kompyuta iliurekodi? Mimi sitaki makuu. Nikae niusikie, ndiyo nitavua hizi nyeusi. Bila hivyo naona kama nitakuwa namkimbia."

Tuliporudi kutoka misa nilibandika nyama ya nguruwe ya humba, na Pulo akaenda sebuleni kuutayarisha wimbo. Kukawa kimya. Pulo akinyamaza ndani ya nyumba yangu, mimi huogopa.

"Nenita, hebu njoo."

"Mikono ina mafuta."

"Njoo na mafuta yako."

Nikaenda. "Wimbo wa Mama," aliniuliza bila kunitazama, "ulikuwa kwenye programu gani?"

"Ile ya kijani. Uliyoimbia Krismasi."

"Iliyonipa sitini na saba?"

"Hiyohiyo."

"Niliifuta. Ilikuwa na chuki na mimi."

Nilitamani kumpiga na mwiko. Kisha nikamwona anavyouma mdomo, na hasira yote ikanitoka, nikabaki na huzuni. "Meli ya Manang Erlinda inafika saa sita," alisema. "Mazishi aliyakosa. Na hili nimemkosesha mimi, mdogo wake. Nitamwambia nini?"

Mara akaruka. "Ngoja! Kuna programu ya kurudisha vilivyofutwa!"

"Pulo! Programu tena?"

Alikuwa ameshabonyeza. Kompyuta ikafikiri weee, kisha ikamjibu kwamba nafasi imejaa.

"Basi nisafishe kwanza," akasema. "Hapa kuna kitufe cha kufagia mabaki yote, mara moja tu, kunakuwa kweupe."

Nikamkamata mkono, mafuta na yote. "Hebu subiri. Imejaa nini?"

"Nitajuaje? Mbona nimeshafuta zote."

"Kama umefuta zote, mbona imejaa?"

Akarudi kukikodolea macho kile kitufe. Lakini mimi nimepangisha chumba chetu cha nyuma miaka mingi, wapangaji nawajua. Mtu anahama, anakurudishia ufunguo, anakuaga vizuri. Ukifungua mlango unakuta ndoo iliyotoboka na nusu ya godoro.

"Nionyeshe zilikokuwa zinakaa," nikamwambia.

Akafungua. Ee Mungu wangu! Kila programu aliyoifukuza ilikuwa imeacha folda yake na makorokoro yake, vimerundikana pale kama jalala. Ndiyo maana mashine ya watu ilikuwa inakokota miguu. Na ya kijani ilikuwemo. Yenyewe imekwenda zake, nyimbo tulizorekodi imetuachia.

Pulo akabonyeza. Gitaa likalia, kisha sauti ya Mama ikaingia na ule mkwaruzo wake. Hatukuweza kuvumilia hata ubeti mmoja, tukaizima, tukalia huku tunacheka. Humba ikashika chini na wala sikujali.

"Na ulitaka kuifagia," nikasema.

"Mke wangu, nakuomba, nyamaza."

Tukaunakili kwenye simu yangu, kwenye simu yake, na kwenye simu ya jirani.

Erlinda alifika, akakaa mbele ya kompyuta na mkoba wake mapajani, hata maji hakunywa. Mama akaimba mpaka mwisho. Kengele ikalia, na ile programu ikasikika ikitaja alama: tisini na nane. Tukadhani umeisha, kumbe kinasa kiliendelea, maana tukasikia makofi, na Mama akicheka.

"Hiyo alama msiifute! Erlinda akirudi nataka aione. Pulo, we Pulo, acha hicho kipaza. Kaa chini!"

Erlinda alijifunika uso. Alipoondoa mikono, mashavu yalikuwa yamelowa na alikuwa anacheka. Akaingia chumbani kwangu na mkoba wake, akatoka amevaa blauzi ya manjano.

"Haya, tule," akasema. "Nina njaa ya mwaka mzima."

Tulikula, tukaimba. Zamu ya Pulo ilipofika, programu yake mpya kabisa ilimpa hamsini na tisa. Mkono wake ukaanza kunyemelea kipanya.

"Pulo!" Erlinda akapaza sauti, na sauti ilikuwa ya mama yao mtupu. "Kaa chini!"

Akakaa.