Komenti za Kaka

"Soma basi, nakusikiliza."

Alikuwa amekwisha kukigeuza kiti, uso ameuelekeza ukutani, macho ameyafumba, mikono juu ya mapaja kama mtu anayesubiri kunyolewa. Mlango alikuwa ameusikia. Kikombe kilichotuliwa mezani alikisikia pia. Kilichobaki ni sauti ya kaka yake, ile yenye mkwaruzo wa asubuhi, imsomee alichokiandika jana.

Sauti haikuja.

"Kaka, umechelewa halafu unaniweka. Soma."

"Geuka, mdogo wangu," akasema meneja.

Akageuka. Meneja alikuwa amesimama kando ya kiti cha dirishani, kiti cha kaka mtu, simu mkononi. Kikombe kile kilikuwa chake. Hakuwa na maneno mengi, wala hayakuhitajika. Wifi, mke wa kaka, alikuwa amepiga kutoka hospitali: kaka amefariki alfajiri. Kumpigia yeye mwenyewe alishindwa.

Pale kazini walimwita Ukuta, kwa sababu ya mtindo huo wa kugeukia ukuta. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo, na mkate wao wote ulitoka kwenye mfumo mmoja: tovuti ambayo wauguzi wa hospitali kuu waliifungua kwenye simu zao ili kujua nani anaingia zamu, na lini. Kaka yake ndiye aliyeujenga tangu mstari wa kwanza. Na katikati ya mistari inayosomwa na kompyuta, alikuwa akiweka mistari ambayo kompyuta inairuka. Hizo ndizo komenti: sentensi za kawaida za kumwambia mtu atakayekuja baadaye kwamba hapa pana kitu gani, na kwa nini kimewekwa hivi.

Kwenye komenti, kaka hakuwa na mchezo. Kila kitu kiwe na jina moja tu, na jina lenyewe liwe lile wanalolitumia wauguzi. Wao wakisema zamu, basi komenti zote zitasema zamu; hakuna kipindi, hakuna awamu, hata kama umechoka kulirudia. "Hii si insha," alizoea kusema. "Hapa hakuna mwalimu wa kukupa alama kwa kubadilisha maneno." Tena, komenti haikuingia kwenye mfumo kabla ya kusomwa kwa sauti mbele ya mtu asiyeiona. Msikilizaji anageukia ukuta, anasikiliza, anaeleza kinachotokea. Akikosea, kosa si lake. Ni la aliyeandika.

Baada ya mazishi hakuna aliyegeukia ukuta tena. Meneja aliona haya kumwambia. Chapchap, mwenzao wa meza ya tatu, baba wa mapacha, mwenye vidole vyepesi na mdomo ambao nao haukuwa mzito, akawa anaandika lolote linalomjia. Zamu asubuhi aliiita awamu, alasiri akaiita kipindi. Ukuta aliona, akaacha ipite. Alikuwa akifika mapema kabla ya wenzake, anafungua mafaili ya kaka yake, anasoma tu, hagusi herufi. Kaka alikuwa na utani humo ndani. Juu ya hesabu moja ngumu aliandika: *Ndugu msomaji, hapa usipite kabla ya chai.* Siku nyingine hilo lilimfanya acheke peke yake. Siku nyingine alifunga faili, akasingizia mafua.

Ikawa hivyo mpaka asubuhi moja metroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali kuu, alipowajia mwenyewe, sare mwilini, akasimama mlangoni kama aliyekuja kukamata mtu.

"Muuguzi wangu ametoka zamu ya usiku, amefika kwake, anavua viatu, simu inamwambia aingie zamu ya asubuhi. Karudi, maana ni mtiifu. Mnajua nimemkuta wapi? Kwenye korido, amelala wima, trei ya dawa mkononi. Namshukuru Mungu iliyoanguka ni trei."

Walitafuta chanzo akiwa amesimama hapohapo. Chapchap ndiye aliyekipata, na alipokipata alipandisha mabega.

"Si mliniambia nilegeze sheria ya likizo, ili wodi ikipungukiwa, metroni aweze kuikatiza? Nimetafuta palipoandikwa likizo, nikalegeza. Na hapa pameandikwa likizo. Njooni muone. Kosa langu liko wapi?"

Ukuta aliinama juu ya bega lake. Mistari ile haikuhusu likizo hata kidogo. Ilihusu mapumziko, zile saa za kulala zinazolazimishwa kati ya zamu moja na nyingine. Lakini komenti juu yake ilisema *likizo*, tena kwa herufi nzuri, na ilianza na *Ndugu msomaji*.

"Ni ya kaka," akasema. "Ya miezi ile ya mwisho ya ugonjwa. Hii hakunisomea."

Chapchap, aliyekuwa keshajiandaa kushinda mabishano, alikodolea macho kibodi. Kisha akasema taratibu, ili metroni asisikie, "Basi sema ni yangu. Mimi nimezoea kusemwa."

Metroni alisikia. "Simtafuti mtu," akasema, na sauti yake ilikuwa imepoa. "Nataka kujua kama huu mfumo bado una mwenyewe. Aliyeujenga ametangulia, poleni sana. Lakini wauguzi wangu nao ni wa watu. Kuna kampuni inaniuzia mwingine, uko tayari. Wiki ijayo namleta fundi wangu wa programu, hawajui ninyi wala ninyi hammjui. Nitampa kazi moja: aongeze zamu fupi kwa wauguzi wanaonyonyesha. Hataruhusiwa kumuuliza mtu. Siku ikiisha hajaweza, nauzima huu, nanunua ule."

Alipoondoka, meneja alifunga mlango, akauegemea. Mfumo ukizimwa, ofisi nayo ilikuwa imezimwa; hilo halikuhitaji kusemwa. Lakini Ukuta hakuwa akiwaza mshahara. Aliwaza kwamba kila alichokiandika kaka yake kingefutwa kwa kubonyeza mara moja, na mtu wa kubonyeza wala asingejua.

"Turudi kwenye utaratibu wake," akasema meneja. "Jina moja kwa kitu kimoja, kila mahali. Ukuta, hii ni yako."

"Mbona dakika mbili tu," akasema Chapchap. "Unaiambia kompyuta, palipo na likizo weka mapumziko. Kwa mkupuo."

"Na zile likizo za kweli?" akauliza Ukuta. "Anayeomba likizo ya uzazi utampa saa nane za kulala."

"Mke wangu angezipokea kwa mikono miwili."

Meneja alicheka, halafu na Ukuta akajikuta anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kucheka pamoja tangu msiba. Haikuwezekana kwa mkupuo. Ilibidi kila komenti isomwe, ieleweke, ndipo neno lake lipimwe. Za Chapchap alizipitia haraka, bila huruma. Zake mwenyewe hali kadhalika. Za kaka zilipofika, mkono ukagoma. Mchana mzima aliutazama ule mstari mmoja. Akaandika *mapumziko*. Akafuta, akarudisha *likizo*. Akabeba begi, akaenda kwa wifi yake.

Wifi alikuwa akipiga pasi sare za watoto. Alimsikiliza bila kuinua macho, pasi ikienda na kurudi.

"Kwa hiyo unaogopa kumsahihisha."

"Siogopi, wifi. Ila hayo ndiyo maneno yake yaliyobaki. Nikiyabadilisha yanakuwa yangu. Yeye atabaki wapi?"

Wifi aliisimamisha pasi. "Unajua ile dawa ilivyomfanya mwishoni? Mezani ananiambia, mama watoto, nipe chumvi, na mbele yake kuna chai. Kesho yake anaomba kijiko, anataka taulo. Mimi nilikuwa nafanya nini?"

"Unampa taulo."

"Nampa taulo, naweka sukari. Simwambii kitu. Anakunywa, anasema leo chumvi imekolea." Alitabasamu huku machozi yakimshuka, na hakujisumbua kuyafuta. "Sasa wewe wifi yangu ulitaka nitie chumvi kwenye chai ya mume wangu kwa heshima?"

Ukuta alijaribu kujibu, kikatoka kicheko, kisha kilio, vikachanganyika. Wakashikana kwa muda. Harufu ya kitambaa kinachoungua ndiyo iliyowaachanisha.

Kesho yake alipoingia ofisini hakuketi kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa Chapchap, akakishika kiti chake kwa nyuma, akakizungusha mpaka magoti ya mwenzake yakagusa ukuta.

"Fumba macho. Nakusomea."

"Mimi? Mimi na kusikiliza wapi na wapi?"

"Ndiyo maana. Wewe ukielewa, mtu yeyote ataelewa."

Wakafanya hivyo siku nzima, na siku iliyofuata. Ukuta anasoma, Chapchap anaeleza. Akibabaika, sentensi inavunjwa na kujengwa upya. *Likizo* iliyokuwa mapumziko ikawa mapumziko. *Wodi* ambayo kaka aliiita *chumba* siku za maumivu ikarudi kuwa wodi. Utani wake hakuugusa. Komenti moja tu ilikuwa imevurugika kiasi kwamba hapakuwa na cha kuokoa. Aliisoma mara kadhaa akiitafuta maana, na kila aliposoma alimwona kaka yake amekaa pale dirishani, jasho linamtoka, anahangaika kumwachia mtu maelezo. Akaifuta yote. Akatoka kwenye korido, akashika tama kwenye dirisha la ngazi. Aliporudi aliandika mpya kwa maneno yake, akamsomea Chapchap, na Chapchap akaeleza bila kukosea, macho ameyafumba, kwa sauti ambayo safari hii haikuwa na mzaha.

Fundi wa metroni alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani mikubwa na viatu vya kutembelea. Alisalimia, akauliza soketi iko wapi, akakaa kwenye kiti cha dirishani kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi. Hakuna aliyemzuia. Metroni alivuta kiti katikati ya chumba, akakunja mikono kama msimamizi wa mtihani.

Kazi ikaanza. Ukuta alijifanya anafanya kazi. Alimwona fundi anasogeza uso karibu na skrini, anarudi nyuma, anasogeza tena, na kila alipotulia mahali pamoja Ukuta alijaribu kukisia ni mstari upi. Jua lilikuwa halijafika katikati ya dirisha fundi aliposhusha miwani akaanza kutikisika mabega.

"Jamani, naomba chai," akasema.

"Nilisema hakuna kuuliza," akasema metroni.

"Siulizi, mama, natii. Imeandikwa hapa nisipite kabla ya chai."

Chapchap aliruka kwenda kuchemsha maji, karibu aangushe kiti. Fundi alikunywa taratibu, akapita palipokuwa pagumu, na baada ya hapo hakutulia mahali tena. Vidole vilikwenda tu. Kabla ya saa ya chakula alijinyoosha, mifupa ikalia.

"Tayari. Jaribuni."

Metroni alimpigia muuguzi mmoja wodini, aliyekuwa na mtoto mchanga, akaweka simu kwenye sauti kubwa. "Fungua ratiba yako. Unaona nini?"

Sauti ikajibu: "Naona zamu fupi, kesho. Na hapa chini naona mapumziko yangu, yote, hayajakatwa. Metroni, hii ni kweli au mnanijaribu?"

"Ni kweli. Rudi kazini."

Metroni alikata simu, akamgeukia fundi. "Umeuliza mtu?"

"Sikuwa na cha kuuliza. Nimefanya kazi kwenye mifumo mingi, humo kila mtu na lugha yake. Huyu anajua anachokisema tangu mwanzo mpaka mwisho. Ningependa kumpa mkono aliyeandika."

Meneja alimtazama Ukuta. Ukuta alimtazama Chapchap.

"Tumeandika watatu," akasema Chapchap. "Mmoja amefariki."

Fundi alisimama, akaja akampa Ukuta mkono, akaushika muda mrefu kuliko salamu ya kawaida. "Kwa kweli sikuona paliposhonwa," akasema.

Metroni alikuwa keshabeba mkoba. Mlangoni akasimama. "Huo mwingine siununui," akasema. "Na ndugu yangu wa hospitali nyingine ameniomba mfumo. Nitamleta."

Hatua zake ziliposhuka ngazi mpaka zikapotea, ndipo Chapchap alipoanza kupiga ngoma kwenye meza kwa viganja vyote viwili, meneja akamdaka Ukuta akamnyanyua kutoka sakafuni, na mwenye duka la vioo akagonga dari kwa fimbo ya ufagio kuwakumbusha kwamba chini kuna bidhaa.

Hospitali ya pili imekwisha kuingia. Ratiba ya mwezi ujao imetoka. Wauguzi wa usiku wanatoka asubuhi, wanapishana na wenzao getini, wanakwenda nyumbani kulala, na simu zao haziwaiti.