Mrija wa Mwenyeji

...na kwanza huonja mwenyeji, kisha mzee wa wageni, kisha wengine kwa umri, huo ndio utaratibu tangu enzi za babu, mwenyeji avute funda moja mbele ya macho ya wote ijulikane kwamba chungu cha pombe hakina sumu, na mwenyeji leo ni yeye, Ansbert, mwana wa kiume pekee wa marehemu mwenye nyumba, miaka ishirini na sita, siku ya arobaini na tatu bila pombe, na mrija uko hapa, shubiri moja kutoka mdomoni, umeshikwa na mkono wa baba mdogo Fideli ambao hautikisiki, ilhali wake unatetemeka ingawa ameukalia... harufu ya ndizi zilizoivia shimoni, ya mtama uliokaangwa, inapanda mpaka nyuma ya macho... "Onja, mwanangu, wakwe wanangoja," na mzee Celestini, mshenga aliyeleta posa kutoka Kibimba, anadakia, "Au mmetutilia kitu, nyie watu wa Kanazi? Tumekuja kuoa, hatukuja kufa!" wanacheka wote, naye anacheka, kicheko chake kinachelewa... funda moja tu, nani amewahi kufa kwa funda moja, Emilian, hapana, Emilian alianza na pombe ya ndizi misibani, ikafuata gongo nyuma ya soko, ikafuata gongo kabla ya chai ya asubuhi, ikafuata asubuhi ile walipomkuta kwenye mibuni amelala kifudifudi, mgongo umelowa umande, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, na jana yake walikuwa pamoja, na Ansbert ndiye aliyetangulia kuondoka, kwa sababu chupa ilikwisha, si kwa sababu nyingine... lakini asipoonja wageni watainuka, watasema nyumba hii ina jambo, na mlangoni amesimama Leonsia, mdogo wake, ndani ya kitenge kipya, Leonsia aliyemfunga mikono kwa khanga siku ya tatu ya kuacha, yeye alipoona nyoka wasiokuwepo darini, akamnywesha uji kwa kijiko, huyo ndiye atakayekosa mume, basi Ansbert atakunywa kwa ajili yake... kwa ajili yake? ngoja, panga vizuri, nini kilitangulia nini... Jumapili, baada ya misa, baba mdogo alisema, "Siku hiyo nitaonja mimi, wewe pumzika," alisema hivyo, Leonsia akisikia, na aliyejibu kwamba nyumba yenye mwana wa kiume haiazimi mdomo alikuwa nani, alikuwa yeye, alijibu haraka, kabla sentensi ya mzee haijafika mwisho, na Leonsia akainamia ungo, akaendelea kuchambua maharage, mawe na mazima yakienda upande mmoja... na tangu Jumapili hakuzihesabu tena siku za kuacha, alihesabu zilizobaki kufikia chungu hiki, hakuna aliyemtega, mtego aliutega mwenyewe, akauvisha koti la marehemu baba yake... "Mwanangu?" mrija haujasogea, mate yamemjaa kinywani, kiu ni ileile, mzee Celestini bado anaufurahia utani wake, ila sasa Ansbert anauchomoa mkono alioukalia, anauweka juu ya goti, uonekane unavyotetemeka, na ulimi, mzito, unatafuta pa kuanzia, baba mdogo, yale uliyosema Jumapili...