Mkaidi wa Tatu

Marselino mchonga vinyago alikuwa amekaa miaka kumi na moja bila kutubu, wala hakuwa na mpango huo. Kosa lake Temeke nzima ililijua. Alichonga sanamu ya Mtakatifu Yosefu kwa ajili ya kanisa, padri akaitazama, akasema uso huu ni wa mlevi. Marselino akaibeba sanamu yake mbele ya waumini, akaenda kuifanya nguzo ya banda la kuku. Akaambiwa atubu. Akasema aanze padri. Padri akarudi kwao Ulaya, wakaja wengine wawili ambao hata hawakujua ugomvi ulianzia wapi, lakini Marselino hakurudi nyuma hata hatua.

Kanisa lenyewe, la udongo na makuti, lilipakana na kibaraza alichochongea. Kila Alhamisi alasiri akina mama walikutana humo kuwaombea waliokataa kutubu. Mama husimama, humtaja mkaidi wake na alichokataa, kisha huongoza Salamu Maria na wenzake huitikia. Wa tatu kusimama siku zote alikuwa Anastasia, mdogo wake Marselino.

"Kaka yangu Marselino. Amekataa kumrudisha Mtakatifu Yosefu."

Na sauti yake, mashallah, ilipenya ukuta.

"Niache, Anastasia," Marselino alimwambia mara zisizo na idadi. "Unaniaibisha kwa majirani."

"Sikuachi, kaka," Anastasia alimjibu, akampakulia ugali.

Marselino mwenyewe alidai maombi yale yanamkera. Lakini Alhamisi alasiri hakushika tezo, alipiga msasa tu, kazi isiyo na kelele.

Alhamisi moja ya masika alikuwa anasugua kinyago, akasikia wa kwanza katajwa, wa pili katajwa, wa tatu akawa mume wa mtu wa Mbagala. Akangoja. Maombi yakaisha. Jirani yake Zuena, aliyekuwa akichambua mchele barazani kwake, akainua kichwa.

"Mzee Marselino, leo hukuombewa?"

"Sijali."

"Mie mwenyewe nimeshazoea, wallahi. Siku haijakamilika."

Marselino akaendelea na msasa mpaka pua ya kinyago ikaisha. Ndipo akavaa shati, akaenda mtaa wa nyuma kwa mdogo wake.

Alimkuta amelala, anahema kwa shida.

"Kifua, kaka. Sauti haitoki." Machozi yakamtoka Anastasia. "Mie nikifa nani atakutaja? Wale wenzangu kila mtu ana wake."

Marselino akaogopa, tena sana, maana hakubakiwa na ndugu mwingine.

"Utapona," alisema.

"Utatubu?"

"Hapana."

"Haya."

Akamkanda kifua kwa maji ya moto siku saba. Hali haikubadilika. Alhamisi ilipofika, akajipangusa vumbi la mpingo, akaingia kanisani. Akina mama wakageuka wote. Bernadeta, kiongozi wao, akashika kifua.

"Marselino! Umekuja kutubu?"

"Nimekuja kutaja mtu."

"Humu wanatajwa waliokataa."

"Najua. Nina miaka kumi na moja nawasikiliza."

Akangoja wawili wapite. Zamu ya tatu akasimama.

"Dada yangu Anastasia."

"Ala! Yule mgonjwa, si mkaidi," alisema Bernadeta.

"Mkaidi. Nimemwambia aache kuniombea, amekataa. Sasa yuko kitandani hata sauti hana, na bado amekataa. Hakuna mtu aliyekataa kama yule."

Hakuna aliyecheka. Bernadeta akapiga magoti, na wengine wakafuata. Marselino akaongoza Salamu Maria bila kukosea hata neno, kwani ukuta ulikuwa umemfundisha. Wakaitikia, na walipofika kwenye *utuombee sisi wakosefu*, akasikia sauti nzito ya kiume katikati ya zile za kike. Ilikuwa yake.

Akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake.

"Nimekutaja," alisema.

Anastasia akafungua macho. "Umetubu?"

"Kidogo. Pamoja na wenzangu."

"Na Mtakatifu Yosefu?"

"Ameshika banda. Hebu niache, Anastasia."

"Sikuachi, kaka," alisema, kwa kisauti ambacho kisingevuka hata mlango.

Marselino akakaa chini kando ya kitanda, akalia.