Hadi Mgeni Apinde Kona

Kuwabara Michiyo alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kutazama mikono ya watu. Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi ya tiba kwa vitendo katika hospitali ya mkoa, akiwafundisha watu walioangushwa na kiharusi kufunga vifungo upya, kushika vijiti vya kulia na kuvaa soksi wenyewe. Sasa halmashauri ya mji wa Kamiyoshi ilikuwa imemfanya mkaguzi. Aliingia nyumba za wazee na fomu yake ndefu, akatazama nani anaweza nini, akaandika, na fomu hiyo ndiyo iliyoamua mzee apewe msaada kiasi gani.

Kazi ingekuwa nyepesi kama wazee wa Kamiyoshi wangesema kweli. Shida yao si kujifanya wagonjwa, wanajifanya wazima. Mkaguzi akisema atakuja Jumanne, Jumatatu nyumba nzima inafagiliwa, bibi anapakwa rangi ya midomo, na babu ambaye wiki nzima hajaacha kitanda anakutwa amekaa wima anasoma gazeti. Mgeni ni mgeni, na mtu mwenye adabu zake hamwonyeshi mgeni udhaifu. Baada ya mwezi barua inakuja kwamba msaada umepunguzwa, na hapo ndipo nyumba nzima inaposhika kichwa.

Serizawa Sanae aliyajua hayo yote, ndiyo maana alimpigia Michiyo simu siku mbili kabla. Alinong'ona kama mtu anayepanga kuiba. Baba yake alipigwa na kiharusi mwaka juzi, upande wa kushoto. Mara mbili kwa wiki gari la kituo cha wazee linamchukua, anaogeshwa, ananyooshwa viungo, na siku hizo mbili ndizo Sanae anazokwenda kiwandani kutengeneza keki za samaki. Mwezi uliopita waliteleza wote wawili bafuni. Walilala pale chini wakacheka kwanza, kisha wakalia. Alikuwa anaomba siku ya tatu. Zikipunguzwa badala ya kuongezwa, itabidi aache kazi.

"Baba atakwambia anaweza kila kitu," alisema Sanae. "Nakuomba sana, dada, usimwamini. Na usimwambie nimesema."

Michiyo alimwahidi. Hakumwambia kwamba maneno ya jamaa huwekwa sehemu ndogo chini ya fomu, na kwamba yenye uzito ni yale ambayo macho ya mkaguzi yameyaona.

Jumanne saa nne asubuhi akamkuta Mzee Serizawa Eikichi, miaka themanini na sita, amekaa kwenye kiti chenye mikono mirefu, ndani ya koti la buluu lenye vifungo vya shaba. Alikuwa mkuu wa stesheni ya Kamiyoshi kwa miaka thelathini na minane, na koti lilikuwa lile lile. Mikononi alivaa glavu nyeupe za kazi. Michiyo nusura acheke. Mzee alikuwa amemficha kitu pekee anachojua kukisoma vizuri.

Akaanza maswali. Leo tarehe ngapi? Mzee akataja tarehe, siku, na treni iliyokuwa imetoka kupita, akiongeza kwamba ilichelewa dakika mbili, jambo ambalo zamani zake lisingetokea. Anaweza kuinuka mwenyewe? Akainuka, akakaa tena kabla kalamu haijagusa karatasi. Anakula mwenyewe? Kabisa. Kuoga je?

"Naoga mwenyewe, mwalimu. Huyu mwanangu kazi yake kuniletea taulo tu." Kwa mzee, kila mwenye fomu na kalamu alikuwa mwalimu.

Nyuma yake Sanae alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu zake zote.

"Sanae," mzee alisema bila kugeuka, "shingo inakuuma? Nakuona kwenye kioo cha saa."

Sanae akaingia jikoni kuleta chai, ambayo Michiyo hakuigusa kwa sababu wakaguzi hawaruhusiwi hata chai. Ikapoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Michiyo alimwomba mzee avue glavu. Mzee akajibu kwa upole kwamba glavu hazivuliwi mbele ya abiria. Ukimlazimisha mtu wa namna ile unakuwa umemvua nguo. Basi akaandika alichokiona na kusikia: anaweza, anaweza, anaweza. Kila neno lilimchoma, maana alimwona Sanae pale mlangoni na sinia lake, akijua kinachoandikwa.

Alipoaga, mzee alisema atamsindikiza. Hapo mlangoni Sanae alinyoosha mkono amshike, akapigwa jicho, mkono ukarudi. Mzee akaenda mwenyewe, polepole lakini kwa madaha, hadi getini. Kamiyoshi mgeni hasindikizwi nusu nusu. Mwenyeji anasimama getini hadi mgeni apinde kona, na mgeni akifika konani anageuka kuinama mara ya mwisho. Na huyu alikuwa mtu ambaye kwa miaka thelathini na minane hakuwahi kurudi ofisini kabla behewa la mwisho halijapotea machoni.

Kona yenyewe ilikuwa hatua ishirini na kitu, palipo na mashine ya vinywaji kando ya duka la tofu. Michiyo akageuka, akainama. Mzee naye akainama, chini sana. Michiyo akapinda. Alikuwa na nyumba nyingine saa tano. Akapiga hatua nne, akasimama.

Mkuu wa stesheni gani anainama kwa mkono mmoja? Mkono wa kulia haukuachia nguzo ya geti hata kidogo.

Akarudi kinyumenyume, akajibanza nyuma ya mashine ya vinywaji. Mwenye duka la tofu, akimwona mwanamke wa miaka hamsini na mmoja amechuchumaa na mkoba wa halmashauri, alimuuliza kama ameangusha kitu. Michiyo akaweka kidole mdomoni mwake kumwashiria anyamaze.

Mzee alikuwa bado ameinama. Haikuwa heshima tena. Mguu wa kushoto ulitetemeka ndani ya suruali.

"Sanae," aliita kwa sauti ndogo, lakini njia ilikuwa tulivu, ikafika hadi konani. "Ameshapita?"

"Ameshapita, baba."

"Lete kiti."

Kiti kililetwa upesi mno, ikaonekana wazi kwamba makao yake ni nyuma ya mlango. Sanae akamkalisha, akamvua glavu ya kushoto kidole kimoja kimoja. Mkono uliotoka humo ulikuwa umejikunja ngumi.

"Nilikuwaje?" mzee aliuliza.

"Umetuua, baba," Sanae alisema, anacheka huku anafuta machozi. "Mgonjwa hakuwepo kabisa hapa."

Michiyo angeweza kuandika yote akiwa pale pale nyuma ya mashine, lakini aliona ni wizi. Akatoka, akatembea katikati ya njia waziwazi.

Mzee alimwona, akajaribu kusimama, akashindwa. "Mwalimu," alisema, "treni hairudi nyuma."

"Imesahau abiria," Michiyo alijibu, akachuchumaa mbele ya kiti. "Mzee, pale ulipoinama, ungeweza kuinuka?"

Mzee aliutazama ule mkono wake ulio wazi. "Kuinama naweza vizuri sana. Kuinuka ndiko kunakonishinda."

"Basi mbona hukuniambia ndani?"

"Ulikuja mgeni. Mgeni nimwambie naogeshwa kama mtoto?"

"Mimi si mgeni, mzee. Ukinipokea kama mgeni, anayeumia ni Sanae. Kazi ataiacha."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Mzee akageuza kichwa taratibu.

"Nani aache kazi?"

Sanae alikunja glavu, akaikunjua. Akasema kwamba siku za kituo zikipunguzwa, hakuna mwingine wa kubaki naye. Hakumwambia kwa sababu asingelala.

Michiyo alijuta, akaona ameharibu asubuhi ya watu. Kisha mzee akavua glavu ya pili kwa meno, akampa binti yake.

"Toa hiyo fomu," alisema. "Andika ninavyokwambia, na usipunguze. Getini anafika. Kurudi hawezi, anarudishwa na mwanawe. Vifungo hivi vilianza kufungwa saa kumi na moja alfajiri, na si na mimi. Kuoga: walianguka wote wawili. Umeandika wote wawili?"

"Nimeandika."

"Na adabu zimewekwa wapi?"

"Fomu haina sehemu ya adabu."

"Fomu ya hovyo. Weka pembeni."

Michiyo akaweka pembeni, kwa mwandiko wake mzuri: humsindikiza mgeni hadi apinde kona.

Siku ya tatu ilikuja kupatikana, nisikuweke roho juu. Lakini asubuhi ile hakuna aliyeijua bado. Michiyo aliaga mara ya pili, amekwisha chelewa saa tano, akaenda hadi kwenye mashine ya vinywaji, akageuka. Sanae aliinama kwa niaba ya wote wawili. Mzee hakuinama. Alikaa kitini barabarani, mkono mbovu umelala wazi juu ya goti, akainua ule mzima juu kabisa, kama alivyozoea kuiashiria treni kwamba njia ni nyeupe.

Michiyo akapinda kona, na safari hii hakuchungulia.