Wanne Walioongezeka Barabara ya Mweiga

Kando ya barabara ya Mweiga palikuwa na jiwe la wakati wa mkoloni lililochongwa NYERI 7, na watu wote wa pande zile walijua maana yake: hapo wamelala watu saba wa Nyeri. Mpita njia mwenye adabu aling'oa nyasi kidogo akaziweka juu ya jiwe. Wengine walivua kofia.

Mwenye hadithi hiyo alikuwa mzee Kahiga, mstaafu wa kazi ya barabara. Alijua fika kwamba jiwe ni la maili, maana yeye ndiye aliyelipaka chokaa kila Desemba kwa miaka kumi na tisa. Lakini siku moja mama mmoja mgeni alimwuliza, "Saba ni nini?" Jua lilikuwa kali, jibu la kweli lilikuwa fupi mno, naye akamwambia ni wapagazi saba waliouawa na kifaru mmoja. Kufikia mavuno kifaru alikuwa na pembe tatu. Kufikia uhuru, alikuwepo mzee pale Mweiga aliyeapa kwamba alimwona kwa macho yake.

Mwaka wa sabini na mbili serikali ikawa inaacha maili. Akaja nyapara mmoja, Nderitu, kijana wa Kangari, na lori la nguzo mpya za kilomita. Vibarua wake, wenyeji watupu, wakakataa katakata kugusa jiwe. Nderitu alipochoka kubishana aliliacha, akasimamisha nguzo yake ubavuni mwa jiwe: NYERI 11. Maili saba ni kilomita kumi na moja na kidogo. Hicho kidogo alikisamehe.

Kahiga alicheka mpaka alipogeuka akaona ng'ambo ya barabara. Kwenye nyasi ndefu walikuwa wamechora mstari wa chokaa, mahali pa kuchimba mtaro. Mstari ulipita juu ya kifua cha Dawud.

Dawud alikuwa mtu wa Majengo, mtaa wa Waislamu mjini Nyeri, mvunja kokoto mwenzake. Aprili ya mwaka wa thelathini na nane mwamba ulimwangukia, na daraja la kurudi mjini lilikuwa limechukuliwa na maji. Wenzake Waislamu hawakutaka akae bila kuzikwa. Othmani, mmoja wao, akamsomea dua, Kahiga akachimba, na mikono ilipopungua, Kahiga huyohuyo akashika miguu ya marehemu kumshusha. Mgikuyu wa siku zile hakugusa maiti hivihivi. Ilikuwa thahu, mkosi unaotaka kondoo na mganga ndipo utoke, na Kahiga alikuwa amebakiza wiki mbili aoe. Angesema, baba wa mchumba wake Wakonyo angerudisha mbuzi wa mahari. Akanyamaza. Wiki mbili zikawa miaka thelathini na minne. Othmani alikufa. Mjane wa Dawud alikufa akijua tu kwamba ni barabara ya Mweiga. Binti yao Mwanaisha alikuwa Majengo akiuza maandazi, na Kahiga alikuwa akinunua maandazi kwingine.

Basi akavuka barabara, akasema kweli.

"Nderitu, hapo msichimbe. Hapo iko mtu."

"Guka, watu si wako upande ile?" Nderitu alimwita babu kwa Kikuyu, akaonyesha jiwe.

"Ile ni uongo yangu. Hii ni ukweli."

Vibarua walicheka wakaegemea majembe. "Na huyu aliuawa na nini?" aliuliza Theuri, mrefu wao. "Nyangumi?"

"Aliangukiwa na mwamba. Jina yake Dawud."

"Guka, mimi niko na ramani," Nderitu alisema kwa upole. "Ramani haisemi Dawud. Kesho asubuhi tunachimba."

Kahiga alirudi nyumbani na njia nzima alijilaumu. Alikuwa ametumia ukweli mara moja tu, na haukufanya kazi.

Asubuhi aliwakuta vibarua wameshapanga mstari, majembe mkononi. Hakwenda kwao. Alikwenda kwenye nguzo mpya, akavua kofia, akaisoma polepole kwa sauti.

"Kumi na moja."

"Ni kilomita, guka," Nderitu alisema.

"Sijakataa. Nasema tu serikali imehesabu vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa najua saba, na saba wako hapa." Aligonga jiwe kwa fimbo. "Sasa hawa wanne wengine, nyinyi mnafikiri walilazwa wapi?"

Theuri alitazama miguu yake, akaona imesimama juu ya chokaa, akarudi nyuma hatua mbili. Mwenzake akaweka jembe chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Sikieni," Nderitu alisema, "maili moja ni kilomita moja na nusu na—"

"Waeleze," Kahiga alisema. "Wanasikia."

Nderitu alieleza mpaka saa nne. Halafu akachukua chokaa akachora mstari mwingine, uliopinda kama kiwiko kuzunguka nyasi zile.

Mchana Kahiga alimsimulia Wakonyo yote. Mkewe hakuacha kumenya viazi. "Baba angerudisha mbuzi," alisema, "na mimi ningekuja kwa miguu yangu. Nenda Majengo."

Mwanaisha alimsikiliza akigeuza maandazi kwenye karai.

"Mzee Kahiga, mji mzima unakujua. Nitaaminije?"

Kahiga alifikiri. Kila kitu kilichomjia kinywani kilikuwa kizuri mno.

"Baba yako aliimba akivunja kokoto," alisema mwishowe. "Tena vibaya. Tulimwomba aache."

Mwanaisha aliepua karai. "Mama alisema hivyohivyo," alisema, akaanza kufungua kanga aliyojifunga kiunoni, ajitande waende.

Walifika kaburini siku ileile. Kahiga akamwonyesha kichwa na miguu, na jinsi walivyomlaza kwa ubavu wa kulia, uso kaskazini. Mwanaisha alisimamisha mawe mawili, akaomba dua yake, kisha akaketi kwenye nyasi akasema, "Haya, niambie habari zake."

Kahiga akaketi pia, akaanza. Ukweli aliokuwa nao ulimtosha karibu saa nzima. Baada ya hapo simba akatokea barabarani, Dawud akamkabili kwa nyundo, na Mwanaisha akawaacha wapigane.