Nyumba ya Watema Giligilani

Mimi katika maisha yangu sijawahi kumwogopa binadamu. Isipokuwa shangazi wa mume wangu, na huyo nilimwogopa mpaka nikisikia kandambili zake zinakuja barazani, chai iliyo mkononi mwangu ilikuwa inajimwaga yenyewe.

Wala hakuwa na mwili wa kutisha. Alikuwa mwembamba kama ufito, ungeweza kumbeba kwa mkono mmoja kama angekuruhusu, ila hakuna aliyethubutu kuomba ruhusa. Kaka yake, yaani baba mkwe wangu, alikuwa fundi makochi, mtu wa sponji na vitambaa na gundi, mpole, amefiwa na mke zamani. Basi dada mtu ndiye aliyeshika usukani wa nyumba. Mume wangu alifanya kazi na baba yake kwenye karakana ya mbele, sisi tukiishi vyumba vya nyuma. Kila kitu kilinuka gundi, hata mto wa kulalia.

Sasa watu wale walikuwa na jambo lao. Hawakula giligilani, yale majani ambayo wengine huyaita kotimiri na wengine dania. Walisema ina ladha ya sabuni. Na si mmoja aliyesema, ni ukoo mzima. Babu yao alitema, baba mkwe akatema, Shangazi akatema, na mume wangu akitema yeye utadhani ameramba betri. Hilo peke yake halina neno, kila mtu na ulimi wake. Ubaya ni kwamba Shangazi aliigeuza giligilani kuwa cheti cha kuzaliwa. Mtoto akiota jino la kwanza, yeye mwenyewe anamwekea jani ulimini. Akitema, ni wetu. Akimeza, mama yake aseme alimtoa wapi. Haikuwa mila ya mtu yeyote wala agizo la dini. Ilitoka kichwani mwake tu, na kikishatoka kitu kichwani mule, hakirudi.

Msicheke. Kabla yangu kulikuwa na mke wa shemeji yangu mkubwa. Mwanawe aliitafuna giligilani, akafunua mdomo kutaka nyingine. Wiki haikuisha, masanduku ya yule dada yalikuwa nje, mvua inayanyeshea, na shemeji mwenyewe kasimama dirishani kama pazia. Sikuwahi kujua yule dada aliishia wapi na mtoto wake. Nilipoolewa nilipewa chumba chake. Siku ya kwanza nafagia nyuma ya kabati nikakuta kibanio chake cha nywele, na nywele mbili tatu bado zimo.

Wangu alizaliwa mapema, miezi saba na siku kadhaa tangu harusi. Najua mnahesabu kwa vidole. Shangazi naye alihesabu, akarudia, mara ya pili kwa sauti. Naapa kwa haki ya Mungu sikuwa nimemjua mwanamume mwingine. Dhambi yangu ilikuwa moja tu: nikienda kununua mboga, nilikuwa natafuna giligilani nimesimama pale pale kibandani, nimegeukia ukuta kama mtoto anayeiba sukari. Kwetu tuliitia hata kwenye maharage. Halafu nasukutua, narudi nyumbani kutema na wenzangu.

Mtoto alikuwa msichana. Alifika miezi kumi hana jino, babu yake akamwita Kibogoyo, na mimi nikawa namshukuru Mungu kwa kila siku ya fizi tupu. Sasa siku moja kibandani, nimembeba mgongoni, nimeshika kitawi changu, nikaona kimkono kinapita begani kwangu. Akakichukua. Nikageuza shingo. Alikuwa anakifyonza kama muwa, macho kayafumba nusu, udenda wa kijani unamtiririka kidevuni.

"Ee!" akasema muuza mboga. "Huyu wako kweli. Ana mdomo kama wako!"

"Nyamaza," nikamwambia.

"Nimekosea nini?"

"Nakuomba tu, dada yangu, nyamaza."

Nilimpangusa kidevu kwa khanga mpaka kikawa chekundu. Na Alhamisi ya wiki ile ile, namnyonyesha, nikasikia kitu kinanichoma. Nikaingiza kidole. Lilikuwepo, chini, upande wa kushoto, dogo kama punje ya mchele.

Kwa siku kumi na moja nililificha lile jino. Mnajua jino la mtoto linafichwaje? Hachekeshwi. Nilimkataza kila mtu asimtekenye, nikasema ana tumbo. Yeye akinitazama na kutaka kucheka, mimi namkunjia uso, mpaka naye akajifunza kunitazama kwa mashaka, kama mtu anayedaiwa. Hilo nalikumbuka kuliko hata uchungu wa kumzaa. Maziwa yakapungua. Nikilala naota masanduku.

Mwishowe nikamfuata mume wangu karakanani. Ilikuwa mchana, baba yake kaenda kununua sponji. Alikuwa kapiga magoti mbele ya kochi, anapigilia kitambaa, misumari midogo imemjaa mdomoni, kama kawaida yao mafundi.

"Baba Kibogoyo," nikasema.

"Mm."

"Mtoto akiipenda, je?"

"Akipenda nini?"

"Ile kitu."

Misumari ikaacha kutembea mdomoni. Akaitema mmoja mmoja kiganjani. "Hawezi. Sisi damu yetu haiipokei."

"Na ikiipokea?"

"Nipe nyundo."

Nyundo alikuwa nayo mkononi.

"Utanifukuza, kama kaka yako?" Sauti yangu ilitoka ndogo, nikaionea aibu.

Akanitazama. Alikuwa mwanamume mzuri, mume wangu, ila uti wake wa mgongo ulikuwa wa sponji. "Shangazi ndiye anayesema mambo ya nyumba," akajibu. Akarudisha misumari mdomoni, mazungumzo yakaisha.

Kesho yake nafua nguo uani, nimemwacha mtoto na babu yake. Sikujua Shangazi kaingia. Nilikuja kujua nilipomsikia anaimba, na Shangazi alikuwa haimbi bure. Nikakimbia na mapovu mikononi. Alikuwa kampakata Kibogoyo, anamlisha uji kwa kijiko cha bati. Nikasimama mlangoni. Kijiko kikaingia mdomoni, kikatoka. Kikaingia.

Ting.

Shangazi akaacha kuimba. Akakiingiza tena, taratibu, kama anabisha hodi. Ting.

"Mwali," akaniita bila kugeuka. "Hili jino limeota lini?"

"Jino, Shangazi? Lipo?"

"Lipo, tena limekomaa. Hili lina hata uzee." Akageuka. "Jumamosi, baada ya chakula cha mchana."

Jumamosi ikafika. Sikumbuki tulikula nini, nakumbuka nilimeza. Kisha watu wakahamia sebuleni: baba mkwe kwenye kochi lake la kahawia, mume wangu kwenye kigoda, Shangazi katikati na mtoto mapajani. Giligilani alikuja nayo mwenyewe, kaiviringisha kwenye gazeti, kaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Chukua ukaioshe," akaniambia. "Nisije nikamlisha mtoto mchanga wa shambani nikasingiziwa."

Nikaenda uani. Miguu ilijua njia, mimi sikuwemo. Nikafungua bomba. Ile harufu ikapanda, harufu ya kwetu, jikoni kwa mama yangu, nikaanza kulia. Niliwaza kumchukua mwanangu na kukimbia, lakini mwanangu alikuwa sebuleni, kwenye mapaja yale. Niliwaza kuitupa choo cha uani, lakini angeleta nyingine. Na pale kando ya bomba, juu ya jiwe la kufulia, kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche, bado kimelowa tangu asubuhi.

Nilikitazama. Kikanitazama.

Msinipeleke polisi, ilikuwa kidogo tu. Nilijua mwanangu anavyochukia sabuni, nikimwogesha ikimgusa mdomo hulia mtaa mzima ukasikia. Nikasugua jani moja. Kisha nikafikiri: je, akichagua jingine? Nikasugua yote, mbele na nyuma, fungu zima. Nikayapangusa mpaka yakapoteza mng'ao. Nikayapanga kwenye kisahani.

"Umekawia," Shangazi akasema.

"Ilikuwa na mchanga, Shangazi."

Akachuma jani dogo la juu. Akamfunua mtoto mdomo kwa kidole gumba. Kibogoyo akaliona lile jani, na, jamani, akatabasamu. Alilijua! Kijino chake kikawaka mbele za watu wote. Nikasikia saa ya ukutani, na nikawaza, nikiondoka leo nani atanibebea yale masanduku.

Shangazi akaweka jani ulimini, akamfunga mdomo.

Mtoto akatafuna mara moja. Akatafuna mara ya pili. Tabasamu likabaki limesimama usoni halina kazi. Kisha uso ukajikunja kama tambara, akalisukuma jani nje kwa ulimi, akapiga ukelele mpaka vikombe vikaitika. Akanitazama mimi, mimi! kama anayesema, mama, hata wewe?

"Wetu!" Shangazi akaruka. Sikuwahi kumwona akiruka. "Kaka, umeona? Katema! Damu haipotei!"

Baba mkwe alikuwa anafuta miwani, machozi yanamlenga. "Nilijua," akasema. "Mimi nilijua tangu zamani." Hakujua lolote, maskini.

Nilimchukua mwanangu nikampa titi papo hapo, nikawa nampigapiga mgongo, nami nalia, na kila mtu akafikiri ni furaha. Hapo nilidhani yamekwisha.

"Ngoja," Shangazi akasema. Alikuwa amechangamka, na Shangazi akichangamka ni hatari kuliko akinuna. "Baba yake naye atafune. Nataka nizione zile sura mbili pamoja, ya baba na ya mtoto."

Nikaganda. Mume wangu akacheka, akajinyanyua kwenye kigoda na kujiweka tayari, kama mwigizaji aliyeucheza mchezo miaka thelathini. Hakuchukua jani, alichukua kitawi kizima. Akakitia mdomoni.

Akaanza kukunja uso ule wake wa siku zote, wa betri. Ukafika nusu. Halafu ukatoka uso mwingine ambao sikuwahi kuuona, wa mtu aliyeshtuka kweli. Macho yakamtoka.

"He! Hii ina sabuni!"

"Ndiyo, mwanangu," Shangazi akasema kwa upendo. "Ina sabuni."

"Hapana, Shangazi, hii ina sabuni kweli!" Alikuwa anajipangusa ulimi kwa mkono wa shati. "Ina sabuni, sabuni ya mche, ya kufulia! Giligilani haiwi hivi! Nani ameiosha hii na..."

Mkono wa shati ukabaki mdomoni.

Baba mkwe akaivaa miwani yake pole pole. Mimi nikatazama sakafu. Shangazi hakunitazama hata kidogo. Alimsogelea mume wangu, akainama mpaka pua zao zikakaribiana.

"Haiwi hivi," akarudia kwa upole. "Kumbe unajua inavyokuwa."

"Shangazi..."

"Ile uliyokuwa unaitema mezani kwangu tangu utoto wako. Ile yenyewe ilikuwa na nini?"

Mume wangu alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akatazama kisahani. Povu dogo lilimtoka pembeni mwa mdomo.

"Ilikuwa na sabuni," akasema. "Ila... sabuni ya aina nyingine."

Shangazi akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Taja aina."