Kocha Asiyejua Kukaa Benchi

Mume wangu alicheza mpira wa kulipwa miaka kumi na mitatu, mpaka magoti yakamstaafisha. Sasa anafundisha timu ya wasichana walio chini ya miaka kumi na miwili, na tatizo lake ni moja tu: hajui kukaa. Mpira ukimpitia karibu, miguu inamtoka kabla akili haijafika. Mechi mbili ameshaingia uwanjani mchezo ukiendelea. Ya kwanza alipiga krosi. Ya pili, Mungu anisamehe, alifunga, tena akashangilia.

Leo kabla ya mechi, mwenyekiti wa wazazi, fundi cherehani asiyejua kunong'ona, alimfuata.

"Kiberiti, ukigusa mpira leo hata kwa kisigino, timu anapewa mwingine. Nimemaliza."

"Nimekusikia, dada."

Akanigeukia mimi. "Amenisikia kweli huyu?"

Sikuwa na uhakika. Ndiyo maana nilikaa naye benchi moja, mtoto mapajani, mkono mmoja umeng'ang'ania koti lake. Vidole vikafa ganzi.

"Niachie, mama watoto. Nakwenda tu nyuma ya goli nimwelekeze kipa."

"Kwa mdomo?"

"Sasa kwa nini kingine?"

Mtoto akacheua maziwa, nikageuka kutafuta kitambaa. Kuinua macho, mtu keshafika nyuma ya goli letu, mikono mfukoni, mpole kama mgeni. Tulikuwa tunaongoza moja bila, zimebaki dakika tatu. Mshambuliaji wao akapiga shuti bovu, mpira ukawa unatambaa wenyewe kwenda nje, mbali na mlingoti. Ulibakiza hatua moja. Mume wangu akavuka mstari, akautuliza kwa unyayo, taratibu, vizuri ajabu.

Mwamuzi akapuliza filimbi. Penalti.

"Ulikuwa unatoka!" nilipiga kelele. "Ulikuwa unatoka wenyewe, wewe mwanaume!"

"Najua," alisema, akiutazama mguu wake kama wa jirani.

Mwenyekiti alishaanza kuja, tepu ya kupimia ikiruka shingoni. Lakini kipa, binti tunayemwita Kitasa, alimwahi.

"Kocha, toka. Nenda kakae kule, utazame ukuta."

"Nikwambie tu, yule anapiga kush—"

"Ukuta, kocha!"

Akaenda. Mtu aliyeshangiliwa na viwanja vilivyojaa akakaa juu ya ndoo, mgongo kwetu, pua karibu iguse matofali. Nikamfuata na mtoto wangu, nikasimama kando yake. Kishindo, halafu mayowe.

"Vipi?" aliuliza bila kugeuka.

"Ameupangua!"

"Kushoto?"

"Kulia."

"Ningempotosha," alisema.

Mwenyekiti alifika akihema, mdomo wazi kwa maneno aliyoyaandaa njia nzima. Akamtazama yeye, akaitazama ndoo, akamtazama Kitasa aliyebebwa na wenzake. Maneno yakabadilika.

"Mazoezini fundisha, hata ruka sarakasi. Siku ya mechi unakaa hapa. Hapa hapa, hivyo hivyo, tangu dakika ya kwanza."

"Sawa, dada," alisema kwa ukuta. Nikamwona anafuta macho.

Mechi ikaendelea. Mpira ukapigwa nje, ukabingirika mpaka kwetu. Mguu wake ukaanza kucheza.

Nikaukanyaga, kwa upendo wote nilio nao.